Mtu Aliyepima Mto

Alikuwa akivua kiatu kimoja tu, cha kushoto. Alikunja suruali ya mguu huo mpaka karibu na goti, akauingiza majini, na ule wa kulia akauacha juu ya jiwe, na soksi yake na kiatu chake kilichopigwa rangi. Mara ya kwanza kumwona hivyo nilicheka mpaka nikaona haya. Nikamuuliza kwa nini asivue viatu vyote viwili kama watu wengine.

"Kazi naomba mguu moja, kalani," alinijibu. "Hii ingine nafanya nini ndani ya maji?"

Ofisini tulimwita Mpima Maji, nami sitamwita vinginevyo hapa. Mimi nilikuwa karani wa taipu katika ofisi ndogo ya uvuvi mjini Kampala, yeye alikuwa mtu wa mtoni, na kwa miaka sita karatasi zake zote zilipita mikononi mwangu. Ilikuwa miaka ile ya utawala wa wanajeshi. Nasema hivyo mapema ili msomaji asinilaumu kabla ya wakati, ingawa mwishoni atanilaumu tu.

Mto wenyewe haukuwa wa kujivunia. Ulipita nyuma ya Kawempe, ndani ya mafunjo, na mgeni angeweza kuuvuka darajani asijue kwamba amevuka kitu. Chini ya daraja hilo ulisimama ubao mrefu uliochorwa mistari, na mmoja kati ya mistari hiyo ulikuwa mwekundu. Maji yakishuka chini ya mwekundu, mto unafungwa: hakuna wavu, hakuna ndoana, hakuna kikapu cha kutegea. Sababu yake hata mtoto angeielewa. Wakati wa ukame kambare wote hujikusanya katika vidimbwi vichache vilivyobaki, na humo ndimo walimo wazazi watakaotaga mvua zikirudi. Ukizoa vidimbwi hivyo umeumaliza mto, na mvua itakuja ikute maji matupu.

Kila asubuhi alisoma ubao, akaandika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, akatembea mpaka ofisini, akakiweka mbele yangu bila kukikunja. Mimi nikakipiga taipu, mkubwa wetu akatia sahihi, na kwa kipande hicho watu wa bonde lote walikula samaki au hawakula. Alikuwa na maneno yake aliyoyarudia kwa kila mtu, awe mkubwa wetu, mlevi wa njiani au mwalimu wa kanisa: "Mimi naandika ile ubao nasema."

Safari moja mkubwa wetu aliwahurumia wanakijiji, akamwomba aandike kwamba maji yako karibu na mstari, kwa sababu yalikuwa karibu kweli, upana wa kidole. Mpima Maji alimtazama kwa masikitiko. "Ubao hapana sema kalibu, ssebo," alimwambia. "Nasema juu, nasema chini. Basi."

Na mtu huyohuyo alikuwa mwizi wa mweso. Sitamficha. Kwenye bao lile la Kiganda, pale uani mwa ofisi wakati wa chakula cha mchana, alikuwa akishika kete kwa vidole vitatu na kuacha moja ijifiche chini ya kiganja. Akikamatwa hakuona aibu hata kidogo, alicheka mpaka machozi na kuanza upya. Nilimwambia siku moja kwamba ningependa kujua huo uaminifu wake unalala wapi saa saba mchana. Akasema mweso ni wa kucheza, na asiyejua kuiba kwenye mchezo atakwenda kuiba kazini. Sijui kama aliamini alichosema, lakini kwa upande wake ndivyo ilivyokuwa.

Alikuwa wa ukoo wa kamongo, yule samaki mrefu wa topeni ambaye Waganda humwita emmamba. Mtu wa ukoo huo hamli kamongo, hamuui, wala hamfanyii mzaha. Basi serikali, na akili zake zote, ilimchukua mtu wa kamongo ikamkabidhi mto uliojaa kamongo. Wenye midomo walisema mto haufungwi kwa sababu ya ukame, unafungwa kwa sababu mzee anawahurumia ndugu zake. Mimi nimetoka katika familia ya polisi wa kaskazini, nimekulia kambini kwenye Kiswahili, na kwetu kamongo ni kitoweo cha kumpa mgeni wa heshima. Yeye alilijua hilo. Kila Jumatatu alisimama mlangoni kwangu akinusa hewa kwa madaha.

"Kalani, jana mekula ndugu yangu tena?"

"Nimekula mjomba wako, Mzee. Alikuwa na mafuta."

"Bambi, masikini," alisema akitikisa kichwa. "Na ile mjomba nilikuwa napenda."

Huo ndio ulikuwa utani wetu, na ulikuwa utani wa kweli, kwa sababu siku hizo Mganda na mtu wa kaskazini walikuwa na sababu nyingi za kutotaniana. Mimi nilikuwa na sura ya wale wenye bunduki na nilisema lugha yao. Nikiingia dukani watu walipunguza sauti. Yeye hakuwahi kupunguza sauti mbele yangu, nami nilimpenda kwa hilo kuliko nilivyowahi kumwambia.

Kuhusu kamongo kuna kisa kimoja ambacho lazima nikisimulie. Kamongo hafanyi kama samaki wengine: maji yakikauka hujichimbia topeni, akajifunika na kulala humo kwa miezi. Tangazo letu la kufunga mto lilikataza wavu, ndoana na kikapu. Halikutaja jembe. Kiangazi kimoja Mpima Maji alimkuta mama mmoja muuza samaki ukingoni, kwenye tope lililopasuka, anachimba kwa jembe, na pembeni yake beseni limefunikwa majani ya mgomba.

"Nnyabo, nafanya nini?" alimuuliza.

"Nalima, ssebo."

"Nalima kitu gani?"

"Bado sijajua. Nangoja nione itaota nini."

Alikaa juu ya jiwe lake akafikiri. Kisha akamwomba mama yule alifunike beseni vizuri, kwa sababu yeye alikuwa anataka kupita na hakutaka kuona. Akaja ofisini akaripoti, uso mkavu, kwamba amemkuta mtu analima. Mkubwa wetu akamwuliza, na samaki je? "Samaki iko kwa shamba, hapana kwa mto," alijibu. "Ubao hapana sema kitu juu ya shamba." Mkubwa wetu akapandwa na hasira, akaniamuru niongeze neno "majembe" kwenye tangazo. Nikaliongeza. Wiki mbili nzima bonde zima likakataa kupalilia, watu wakakaa barazani mikono mapajani wakisema serikali imekataza majembe, na viazi vikamezwa na magugu. Ilibidi nipige taipu tangazo la tatu kuliondoa la pili. Nilimuuliza Mpima Maji kama ilimuuma kumwacha mama yule aende na ndugu zake ndani ya beseni. Akasema iliuma. Akasema pia kwamba mama yule alikuwa na watoto watano, na kwamba kama ningemwambia mtu wa ukoo wake angenikana.

Watu hawakumpenda, na nisijifanye kusema walimpenda. Mto ukifungwa yeye ndiye alikuwa ameufunga. Mvua ikichelewa yeye ndiye aliyeichelewesha. Kuna mwaka walitupa mawe juu ya bati la jiko lake. Mke wake, mama mfupi mwenye sauti nzito, alinikaribisha kwao mara mbili, akanipa chai bila sukari kwa sababu sukari ilikuwa imepotea nchi nzima, na akanilalamikia mbele ya mumewe kana kwamba hayupo.

"Mimi sikuolewa na mtu, nimeolewa na mto," alisema. "Kisimani nachota peke yangu. Nikifika wanaondoka."

"Mvua ikinyesha watarudi," alisema mumewe.

"Na wewe utakuwa umekwisha fungua mdomo wako mara ngapi kuwaambia ubao, ubao?"

Mzee alicheka. Lakini nyumba ile haikuwa na jambo la kuchekesha sana. Kitu kimoja tu ndicho kilichomfariji: ukoo wake. Kwenye misiba na mikutano ya ukoo alikuwa na nafasi yake, karibu na wazee, na walimsikiliza. Majirani walimwita adui wa samaki. Wazee wa kamongo walimwita mlinzi. Nilimwona mara moja akirudi kutoka mkutano wa namna hiyo, amevaa kanzu na koti, anatembea katikati ya barabara ya Kawempe kama bwana harusi.

Sasa nije kwenye ule ukame.

Mvua za kwanza hazikuja, na za pili zikaja zikaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba. Mto ukakatika vipande. Kwa amri iliyotiwa sahihi na gavana mwenyewe, naye alikuwa mwanajeshi mkubwa, maji yote ya eneo letu yaliyo chini ya mstari yalifungwa, na adhabu yake ikaandikwa kwa maneno ambayo sikupenda kuyapiga taipu. Wakati huohuo mume wangu, aliyekuwa konstebo, aliitwa kuhojiwa akawekwa ndani. Wiki tatu zilipita hajarudi. Sikuambiwa kosa. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nilikwenda kazini kila siku kwa sababu kutokwenda kungeonekana, na nilirudi nyumbani kila siku kwa sababu sikuwa na mahali pengine. Kati ya nyumba na ofisi kulikuwa na vizuizi viwili vya askari, na kwenye kila kimoja nilijifunza kutazama chini kwa kiasi, si chini sana wakadhani ninaficha, si juu wakadhani ninajivuna. Ofisi yetu ilikuwa na mlango mmoja. Mkubwa wetu alihamisha meza yake ili akae akiutazama.

Ni kwa mlango huo ndipo alipoingia Kapteni mmoja wa jeshi, Jumatatu moja. Kikosi chake kilikuwa kinamngoja mgeni mkubwa, na yeye alikuwa ameahidi samaki. Alijua vidimbwi vimejaa kambare, maana ukipita darajani uliona migongo yao. Lakini hakuthubutu kuvunja amri ya gavana bila karatasi. Naye pia alikuwa na mtu wa kumwogopa; siku hizo hakuna aliyekosa.

"Mzee, mimi hapana kuja kwa maneno mingi," alimwambia Mpima Maji. "Leta namba mzuri. Mto nafunguka, kila mtu nafurahi."

"Afande, mto iko chini."

"Iko chini leo."

"Iko chini, afande. Mimi naandika ile ubao nasema."

Kapteni alimtazama kwa muda mrefu, kisha akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. Akarudia maneno yale polepole. "Nasikia. Wewe naandika ile ubao nasema." Akaondoka.

Jumatano mchana, jua kali, askari wanne walishuka chini ya daraja na nyundo kubwa. Watu wa karibu waliingia ndani wakafunga milango, kwa hiyo hakuna aliyeona, na aliyeona hakuona. Waliugonga ubao ukazama topeni mpaka mstari mwekundu ukawa chini ya maji. Alhamisi asubuhi Mpima Maji akavua kiatu chake kimoja, akaingia. Maji yalimfika pale pale yalipomfika jana yake, chini ya kifundo. Ubao ulisema mto umejaa.

Alipofika ofisini Kapteni alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mkubwa wetu, na mkubwa wetu amesimama dirishani akiangalia nje, ingawa nje hakukuwa na kitu. Mpima Maji hakumsalimu mtu. Alikuja moja kwa moja kwangu akaweka kipande chake cha karatasi mbele yangu, bila kukikunja, kama siku zote. Kilikuwa na maneno machache: ubao umeshushwa, maji ni yale yale, mto ufungwe.

"Soma, tusikie," Kapteni aliniambia.

Sikuweza kusoma.

"Wewe ndiye bibi ya ile konstebo nafungwa, eh?" Aliuliza kwa upole kabisa, kama jirani anayeulizia mgonjwa. "Najua yeye. Mtu mzuri. Soma basi. Au kama karatasi nasumbua, wacha. Mashine iko kwako. Andika wewe mwenyewe namba, mimi napeleka."

Nimeirudia dakika ile maisha yangu yote na haijawahi kubadilika. Vidole vyangu vilikuwa juu ya taipu. Ningepiga. Nataka hilo lijulikane: ningepiga, nilikuwa nimeshaweka karatasi. Lakini kabla ya kugusa herufi ya kwanza niliinua macho nikamtazama Mpima Maji, na sikumtazama hivihivi tu. Nilimwomba. Nilimwomba kwa macho yangu yote anichukulie mzigo huo, mzee mwenye nywele nyeupe ambaye hakuwa na deni lolote kwangu wala kwa mume wangu.

Akanyoosha mkono akachukua kile kipande chake. Akakitia mfukoni. Akatoa kingine, akainama juu ya meza yangu, akaandika kwamba maji yamepita mstari mwekundu, akatia jina lake kamili na tarehe. Hakuwa na desturi ya kutia jina lake kamili. Nadhani alitaka pasiwe na nafasi yoyote ya kudhaniwa kwamba mtu mwingine ameandika.

"Kalani," alisema, "piga hii."

Nikapiga.

Walikuja na lori. Siku tatu walivuta nyavu, na vidimbwi vilivyokuwa vidogo mno kwa wavu waliviziba kwa tope wakateka maji kwa ndoo mpaka samaki wakabaki wanapigapiga kwenye matope. Walichukua wakubwa, wakachukua na wadogo wa kidole. Walipoona ukingo wenye nyufa, mmoja wao aliyejua mambo ya kamongo akaleta sururu, wakawachimbua waliolala. Siku ya nne wanakijiji wakaingia kuokota mabaki, maana mto ulikuwa umefunguliwa kwa karatasi. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Mvua zilipokuja, mwaka uliofuata, zilijaza mto maji ya kahawia ambayo hayakuwa na mkia hata mmoja.

Mume wangu alirudi nyumbani wiki mbili baada ya Alhamisi ile, amekonda, hataki kuulizwa. Alimpakata binti yetu siku aliyozaliwa. Sitajifanya kusema sikufurahi.

Na Mpima Maji aliitwa na wazee wa ukoo wake. Hili nililisikia kwa mke wake, alipokuja ofisini siku moja kunitafuta. Alinisimulia akiwa amesimama, alikataa kiti.

"Walimuuliza, ni nani aliyeandika? Akasema, mimi. Wakamuuliza, ulitishwa? Akasema, hapana. Wakamuuliza, kwa nini basi? Akanyamaza. Saa nzima, amenyamaza. Wamemwambia asije tena kwenye mambo ya ukoo mpaka siku atakapokuwa na jibu."

"Kwa nini hakuwaambia?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Kwa sababu maneno ya mkutano yanatembea. Yakimfikia yule afande, bwana yako anarudi ndani. Ndivyo alivyoniambia mimi." Akanitazama. "Sikuja kukudai kitu. Nimekuja tu ujue kwamba kuna bei, na sisi ndio tunailipa."

Nilimshukuru. Hilo ndilo nililoweza: nilimshukuru. Mwezi uliofuata niliomba uhamisho kwenda Entebbe, nikapewa. Niliwaambia watu ni kwa sababu ya mtoto. Ukweli ni kwamba kila asubuhi aliendelea kuja na kipande chake, akakiweka mezani, akanitania juu ya mjomba wake, na mimi nilishindwa kucheka.

Kwa zaidi ya miaka miwili sikumwona. Kisha jioni moja redioni, kwenye matangazo ya vifo, nikasikia jina la mke wake, na mahali pa maziko. Kesho yake nilimwacha binti yangu kwa jirani, nikaenda.

Nilifika mchana. Uani kulikuwa na watu wengi, wanawake wamekaa juu ya mikeka na majani ya mgomba, wazee wa ukoo kwenye viti chini ya turubai. Nilimtafuta mfiwa huko mbele, mahali pa mfiwa. Hakuwepo. Nilimkuta nyuma, kando ya jiko, amekaa peke yake juu ya kinu kilichopinduliwa, amevaa kanzu na koti. Wazee wa kamongo walikuwa wamekuja kwa ajili ya marehemu. Kwake hawakuwa wamekuja. Siku ya kumzika mke wake hakuna aliyekaa naye.

Nilipiga magoti nikampa pole. Alinishika mkono, na hakuuachia.

"Kalani. Mtoto iko?"

"Yupo, Mzee. Ana miaka miwili sasa."

"Na bwana yako?"

"Alivuka kwenda Kenya, mwaka jana. Alikwenda na mwanamke mwingine. Hatarudi."

Nikaona kitu kikifunguka usoni mwake, taratibu, na kwa sekunde chache sikuelewa ni nini. Nilidhani ananihurumia.

"Kumbe hapana weza kamata yeye tena," alisema.

"Hawawezi."

"Kwa hiyo sasa wewe naweza sema." Akanivuta karibu. "Wewe. Mkubwa yetu alikimbia, iko Nairobi. Umebaki wewe peke yako mtu naona. Wazee iko pale, wote. Mimi nangoja, kalani. Kila siku nasema, huyo mtoto ya watu atakuja. Mama ya nyumba alikuwa nasema hatakuja. Mimi nasema, atakuja. Na leo umekuja."

Sikuwa nimekuja kwa hilo. Nilikuwa nimekuja kumpa pole. Lakini alinyanyuka akiwa bado amenishika mkono, akanipitisha katikati ya wanawake mpaka mbele ya turubai, akaniachia. Mazungumzo yakakoma. Wazee wakanitazama: mwanamke wa kaskazini, sura ya askari, amesimama kwenye msiba wao.

Lazima niseme nilichoona. Kwenye benchi la nyuma alikuwa amekaa mwanamume wa makamo mwenye shati safi jeupe, peke yake, ambaye hakuwa ameongea na mtu tangu nifike. Huenda alikuwa mwalimu. Huenda alikuwa shemeji ya mtu, au sikio la afande. Kapteni siku hizo alikuwa amepanda cheo. Binti yangu alikuwa kwa jirani, na sikuwa na ndugu mjini wa kumlea. Haya yote yalinipita kichwani kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Luganda ninaijua vizuri, nimekulia Kampala. Lakini nilipofungua mdomo kilichotoka ni Kiswahili, lugha ya askari, na nikaona wanawake wakiinamisha vichwa.

"Nawapa pole," nilisema. "Marehemu alinikaribisha nyumbani kwake mara mbili, akanipa chai. Alikuwa mama mwema. Mungu ampumzishe."

Nikanyamaza. Mpima Maji alikuwa amesimama kando yangu, amenitazama, anangoja. Nilijua anangoja. Mzee mmoja kiziwi kidogo akaweka mkono sikioni, akauliza kwa Luganda, mgeni anasema nini?

Hakuna aliyejibu. Basi Mpima Maji akawageukia wazee wa ukoo wake, ambao hawakuwa wamemsikia akisema neno mbele yao tangu siku ile waliyomuuliza, akawatafsiria. Pole. Mara mbili. Chai. Mama mwema. Neno kwa neno, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, na hakuongeza kitu.

Wazee wakaitikia kwamba wamesikia. Yeye akarudi kukaa kule jikoni.